Tahadhari: Msimpe Kalamu Mtu Ambaye Hamjampima

Huu ndio wakati wa kuandaa karatasi za msimu. Maduka ya pembejeo ya Tunduma na Vwawa, vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa, miradi ya kilimo na ya afya, hata idara za halmashauri, wote wanatafuta mtu wa kuwaandikia: kipeperushi cha mbolea, maelekezo ya kupulizia dawa, bango la kuhifadhi mahindi, ujumbe wa kutuma kwenye simu za wakulima. Mtu huyo hutafutwa haraka haraka. Cheti chake kinatazamwa, Kiingereza chake kinasikilizwa, anaulizwa kama anajua kompyuta, basi, kazi ni yake. Mvua za Novemba zitakaposhika, alichokiandika kitakuwa Ibaba, mkononi mwa mtu aliyebeba bomba mgongoni na anayeamini kila tarakimu iliyochapwa pale.

Naomba jambo moja, na naliomba sasa kabla hamjapeleka chochote kwa mpiga chapa. Asipewe kazi ya kuandika maelekezo mtu yeyote ambaye hajapimwa kwa kazi yenyewe. Barua ya utambulisho haitoshi, shahada haitoshi, na maswali ya mezani hayatoshi. Aandike mbele yenu, kisha alichoandika kijaribiwe na mtu wa aina ile ile atakayekitumia.

Ibaba ni kata ya milimani, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Ileje ni nchi ya Wandali, Wamalila na Walambya. Kiswahili huko ni lugha ya shule, ya soko na ya ofisi. Wengi wanakimudu vizuri, lakini yupo mzee anayesoma kwa kufuata mstari na kidole, na yupo bibi anayesomewa na mjukuu. Afisa ugani mmoja hubeba zaidi ya kijiji kimoja, na mvua ikiharibu njia anaweza asionekane siku nyingi. Kwa hiyo karatasi inafanya kazi ya mtaalamu, tena bila kuulizwa swali. Kilichokosewa mjini hakirekebishwi njiani, kinazidi kusambaa tu. Muuza duka anakisoma, kisha anawasimulia wateja wake wote wa siku hiyo. Kijana anakipiga picha, kinaingia kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji. Mwingine anakisoma kwa sauti, anajirekodi, anawatumia ndugu zake wa kijiji cha pili. Jua halijazama, kosa la mtu mmoja limeshakuwa kauli ya watu wote.

Watu wengi hudhani kosa la mwandishi ni la herufi, l na r zilizobadilishana nafasi. Laiti lingekuwa hilo. Tuchukue dawa ambayo maelekezo yake ya kiwandani, kwa Kiingereza, yanataka lita 1 kwa hekta, ikichanganywa na maji lita 200. Mkulima wa Ibaba hahesabu shamba lake kwa hekta. Anahesabu ekari, na dawa anaipima kwa bomba la mgongoni, tuseme la lita 16. Hekta moja ni ekari 2.47. Mwandishi anayeijua kazi yake atashika kalamu apige hesabu: ekari moja inataka dawa mililita 400 hivi ndani ya maji lita 80, ambayo ni mabomba matano, kwa hiyo kila bomba linachukua mililita 80. Mkulima anazihitaji hizo mililita 80, na anahitaji kuambiwa azipimie kwa chombo gani.

Mwandishi asiyeijua kazi ataandika "lita 1 kwa ekari", kwa sababu jicho lake liliruka neno hekta, na mkulima atapulizia mara mbili na nusu ya kiwango. Au ataacha "lita 1 kwa hekta" kama alivyoikuta, na mkulima atakisia kwa kizibo cha chupa. Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi. Mhariri wa lugha atazipitisha bila kugusa hata nukta. Ndiyo maana nasema mtu huyu hawezi kujulikana kwa kusikilizwa akiongea, hata aongee vizuri namna gani.

Na mabomba yameongezeka mashambani. Tangu viwavijeshi vamizi walipothibitishwa nchini mwaka 2017, wakulima wengi wa mahindi ambao hawakuwa na desturi ya kupulizia shamba la chakula wamelazimika kujifunza, na wamejifunza kwa karatasi na kwa muuza duka. Tunduma inagusana na Nakonde ya Zambia, na Isongole inatazamana na Chitipa ya Malawi. Chupa yenye maandishi ya Kiingereza matupu si kitu cha ajabu katika mji wa mpakani, na muuzaji huitafsiri pale pale kaunta kwa kadiri anavyojua. Mwaka 2020 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Mimea, ikaundwa mamlaka ya TPHPA ya kusajili na kudhibiti viuatilifu. Lebo ya chupa iliyosajiliwa ina mwenyewe wa kuiangalia. Kipeperushi cha ziada, bango la dukani, ujumbe wa simu, hivi mara nyingi huishia kukaguliwa na yule yule aliyevilipia, naye anaangalia kama nembo yake imekaa vizuri.

Kosa la hesabu ni baya. Kosa la kuacha ni baya zaidi, kwa sababu halionekani kwenye karatasi.

Fikirieni vidonge vya kufukizia nafaka, vile vya fosfidi ya alumini. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo inayoua wadudu ndani ya gunia humuua binadamu vile vile. Haina dawa ya kuitengua. Ni vitu vya mtu aliyefunzwa, vya kutumiwa ghalani mbali na watu. Sasa ingieni kwenye nyumba ya milimani usiku wa baridi. Madirisha yamefungwa. Magunia yamepangwa chumbani, kwa sababu nje kuna wezi na umande, na watoto wamelala hatua mbili kutoka pale. Mwandishi anaweza kuandika hatua zake tatu vizuri kabisa, zenye namba, zenye michoro, akasahau sentensi moja tu inayosema kwamba palipo na vidonge hapalalwi. Kila alichoandika kitakuwa kweli, na familia hiyo inaweza isiamke.

Dunia imeshalipa kwa kosa la namna hii. Mwaka 1971 Iraq iliagiza mbegu za ngano na shayiri kutoka Mexico na Marekani. Mbegu zilikuwa zimetiwa dawa ya kuua kuvu yenye zebaki, zikapakwa rangi ya waridi kuonyesha kwamba hazifai kuliwa. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, pamoja na mchoro wa fuvu, alama ambayo mkulima wa kule hakuizoea. Mbegu zilichelewa, sehemu nyingine watu walikuwa wameshapanda, na nyumbani njaa inabisha hodi. Baadhi yao waliosha nafaka mpaka rangi ikatoka, wakaamini na sumu imetoka. Wengine waliwalisha kwanza kuku na mifugo, wakaona hawafi, wakasaga unga wakaoka mkate. Zebaki hiyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kujionyesha mwilini. Hospitali zilipokea wagonjwa 6,530, na 459 kati yao walifia humo humo wodini. Waliokufa majumbani hawamo katika hesabu hiyo.

Watu wanapenda kusema Iraq ilikuwa lugha ya kigeni, sisi tunaandika Kiswahili, kwa hiyo tuko salama. Hatuko salama. Hata kama magunia yale yangeandikwa Kiarabu, yangetakiwa kumwambia mtu mambo mawili ambayo alikuwa lazima ayajue: kwamba kuosha hakuondoi sumu, na kwamba kuku kuishi siku tatu si ushahidi. Mwandishi wa kweli anaanza kwa kujiuliza mtu huyu, akiwa na njaa na gunia mbele yake, atafanya nini. Uwezo huo haukai kwenye cheti, na cheti hakiwezi kuuonyesha.

Hapa kwetu, mwaka 2016, sumukuvu iliwaathiri watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Waliingia hatarini kwa mahindi yao wenyewe, chakula cha nyumbani. Kinga ya sumukuvu ni maelekezo tu: vuna kwa wakati, usianike kwenye ardhi tupu, kausha mpaka ndani, tenga punje zilizovunjika na zilizoota ukungu, usiweke gunia sakafuni. Songwe ni mkoa wa mahindi, na mahindi yake hayaliwi Songwe peke yake. Anayeandika "kausha vizuri" akaishia hapo hajaandika kitu. Vizuri ni kiasi gani? Mkulima hana kipima unyevu. Ana meno yake ya kung'ata punje, ana chupa kavu na chumvi kavu ya kutikisa pamoja na punje aone kama chumvi inagandia kwenye kioo. Mwandishi aende akayatafute hayo, ayaandike.

Serikali yetu yenyewe inajua kupima watu. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapomtafuta dereva, leseni peke yake haimalizi kazi. Kuna usaili wa vitendo, mtu anakaa kwenye usukani anaonekana. Hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa kila mtu anajua gari likikosea watu wanakufa. Karatasi ya dawa iliyochapwa nakala elfu tano ina uwezo huo huo wa kuua, ila mwandishi wake hakai kwenye usukani wowote. Anaulizwa ana uzoefu wa miaka mingapi na anajiona wapi baada ya miaka mitano.

Zipo ofisi zinazojitetea kwamba huomba sampuli za kazi alizowahi kufanya mwombaji. Sampuli zilikuwa na thamani, na bado zina thamani kidogo mkiweza kumpigia simu aliyezisimamia. Lakini leo akili mnemba inatoa ukurasa wa Kiswahili kinachoteleza, chenye vichwa na vitone, kwa sekunde chache. Mtu kuitumia mashine hiyo sioni dhambi. Hatari ni kwamba ikikosa taarifa haisemi imekosa, inajaza tu. Ukiipa maelezo ya dawa yasiyotaja siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, inaweza kukuandikia "siku 14" kwa utulivu kamili, na mwandishi asiye na mazoea ya kuuliza atazipeleka siku hizo 14 kwa mpiga chapa. Mboga italiwa kabla ya wakati wake, au itakaa wiki mbili bila sababu. Kwa vyovyote mkulima ameelekezwa na mtu ambaye hakuwepo.

Basi mpimeni hivi. Mpeni ukurasa mmoja wa maelezo halisi ya bidhaa, kwa lugha yoyote mliyonayo, ambao nyinyi wenyewe mmeutoboa. Ondoeni taarifa moja muhimu, kwa mfano hizo siku za kusubiri. Badilisheni kipimo kimoja ili mahali pamoja kisomeke tofauti na mahali pengine. Mwambieni aandike nusu ukurasa kwa mkulima mwenye robo ekari na bomba la lita 16, na mwambieni wazi kwamba akiwa na swali yupo mtu wa kumjibu. Kisha kaeni kimya muone kama atakuja. Anayekuja na kusema "hapa na hapa pametofautiana, kipi ni sahihi?" ameshajionyesha, hata kama sentensi zake zina ugumu kidogo, sentensi hunyooshwa. Asiyekuja, akawaletea karatasi nzuri isiyo na pengo hata moja, mwombeni akae na mmuulize kila tarakimu ameipata wapi. Hapo ndipo mtamjua.

Angalieni pia mpangilio wa maonyo. Mtu hasomi karatasi yote kabla ya kuanza. Husoma hatua ya kwanza, akaifanya, akarudi kusoma ya pili. Kama "vaa glavu na ufunike pua" iko chini ya "changanya dawa na maji", mikono imeshalowa. Kama "weka mbolea ya kupandia kwenye shimo" haifuatiwi papo hapo na "ifukie kwa udongo kidogo ndipo uweke mbegu", mbegu itakaa juu ya mbolea na itaungua, na mkulima atalaumu mbegu, au mvua, au jirani. Mwandishi mzuri huyaweka hayo mahali pake bila kuambiwa. Hata kumfundisha mwandishi wa wastani inawezekana kwa wiki chache, mradi mmeliona pengo lake kabla ya kumpa kazi.

Sehemu ya pili ya kipimo ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na haihitaji sumu wala fedha. Chukueni mfuko wa kuhifadhia nafaka wa tabaka tatu, ule wa PICS unaouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Una mifuko miwili ya plastiki ndani, na wa nje wa kusuka. Mwombaji autazame, aushike, amhoji mtu anayeujua kwa nusu saa, halafu aandike namna ya kuutumia. Aliyoandika apewe mtu ambaye hajawahi kuutumia, pamoja na mahindi makavu na kamba. Mwombaji akae pembeni, asiseme neno.

Kaeni Ibaba, nje ya nyumba ya mtu, mfanye hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Ahsante, mama. Tumeleta karatasi hii, tunaomba utusaidie kuijaribu. Tunayemjaribu ni huyu aliyeiandika, wewe hujaribiwi."

Maneno hayo ya mwisho ni ya lazima, maana mtu mzima aliyewekwa mbele ya wageni na karatasi anajiona yuko shuleni. Na msimuulize kamwe kama ameelewa. Atasema ameelewa. Atasema hivyo kwa heshima, kwa kuwa nyinyi ni wageni wake na hataki kuwaaibisha, na mtaondoka na jibu lisilo na maana yoyote. Mwambieni, "Naomba utuonyeshe." Kisha tazameni mikono yake.

Karatasi dhaifu huwa imeandika "jaza mahindi, toa hewa, kisha funga mifuko yote vizuri." Mama atafanya kama alivyoambiwa. Atakusanya midomo yote mitatu pamoja na kuifunga kwa kamba moja, ametii kila neno. Lakini mfuko ule hauhifadhi namna hiyo. Ule wa ndani kabisa usokotwe na kufungwa peke yake, halafu wa pili peke yake, mwisho wa nje, ili hewa isipenye na wadudu waliomo waishiwe pumzi. Hakuna aliyekosea pale isipokuwa mwandishi. Na kumbukeni ni mfuko tu. Kama angekuwa ameandika kuhusu dawa, kosa hilo hilo la kusema "yote vizuri" lingekuwa limefika shambani.

Sasa mtazameni mwombaji. Yuko anayekunja uso na kusema mama hajui kusoma. Huyo mshukuruni kwa muda wake na msimrudishe. Yuko anayetoa kalamu na kusahihisha pale pale, halafu akauliza, "Mama, hapa ulipofika ulidhani nasema nini?" Huyo ndiye. Mkimpata, mlipeni vizuri na mkae naye, kwa sababu watu wa aina hii ni wachache na miji mikubwa inawataka.

Yapo mambo ambayo wasaili hupenda kuyapima na ambayo yanapoteza siku bure. Maswali ya ngeli na methali. Kasi ya kuchapa. Majina ya programu za kupangia kurasa. Ufasaha ni muhimu, na kwa nyaraka zinazohitaji ithibati ya lugha lipo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, ambalo kazi hiyo ni yake. Lakini ufasaha haujui kwamba ekari si hekta. Wala mtaalamu wa kilimo hafai kwa sababu tu ni mtaalamu. Nimewahi kusoma mwongozo wa mtu mwenye shahada ya uzamili, aya ya kwanza yote ikieleza umuhimu wa kilimo katika pato la taifa, na kipimo cha dawa kimejificha ukurasa wa nne ndani ya mabano. Mtaalamu akae na mwandishi, amjibu maswali, kisha asome rasimu na kuweka sahihi kwamba takwimu ni sahihi. Kazi mbili, watu wawili, na pale bajeti inaporuhusu mmoja tu, basi huyo mmoja apimwe kwa kazi zote mbili.

Nina onyo jingine, na hili linawahusu waajiri wenyewe. Kuna mtindo wa kuwapa vijana "jaribio" ambalo ni kazi nzima: andika mwongozo wa kurasa 20, tuma ndani ya siku tatu, tutakupigia. Hapigiwi mtu. Miezi miwili baadaye kijana anauona mwongozo wake umebandikwa ukutani, umetiwa nembo, jina lake halipo. Huo ni wizi, na uharibifu wake unaenda mbali, maana waandishi wazuri wakishaibiwa mara moja hukataa majaribio yote, mkabaki na wale wasio na cha kuibiwa. Jaribio liwe la saa mbili tatu, litumie bidhaa ambayo karatasi yake mlishaichapa zamani, karatasi ya mwombaji ibaki kuwa mali yake, na nauli ya kutoka Itumba au Vwawa mumrudishie. Mkitaka zaidi ya hapo, lipeni kama mnavyolipa kibarua. Nanyi vijana mnaotafuta kazi hizi, mkiombwa kurasa 20 bure, ulizeni kwa adabu zitatumika wapi, na jibu lisipoeleweka, ondokeni.

Nasikia tayari kilio cha muda. Msimu hausubiri, fedha za mradi zinaisha Desemba, mkuu anataka kuona kipeperushi. Kipimo nilichoeleza kinachukua siku moja kwa waombaji wanne au watano, na siku ya pili Ibaba. Kama hamna siku mbili za kuhakikisha, hamna haki ya kumtumia mkulima maelekezo ya sumu. Mpelekeeni mbegu, mpelekeeni mbolea, na kwa dawa mwacheni afuate lebo iliyosajiliwa na ushauri wa afisa ugani wake mpaka mtakapokuwa tayari.

Zimebaki karatasi ambazo zimeshachapwa na watu ambao hawakupimwa, na baadhi zimeshatoka. Hizi ndizo zinazoninyima usingizi. Zilizo bado stoo zisitoke leo. Chukueni nakala moja, mpeni afisa ugani na muuza duka mmoja wakae nayo pamoja, wapige upya kila hesabu kutoka hekta hadi bomba, na wakague kama kuna siku za kusubiri, kama kuna glavu kabla ya kuchanganya, kama kuna neno la mahali pa kulala. Halafu mpelekeeni mtu mmoja wa kijijini, kwa maji matupu badala ya dawa, awaonyeshe.

Zilizokwisha kutoka na zikaonekana zina kosa la kipimo, msingoje kuchapa mpya. Wapigieni wenye maduka wote mliowapa, mmoja mmoja, mwambieni kila mmoja kipimo sahihi na mwombeni akirudie kwa sauti. Mtendaji wa kijiji atangaze. Tangazo lisomwe kanisani na msikitini, na siku ya mnada. Sauti iliyorekodiwa ipite kwenye makundi yale yale ya WhatsApp ambayo kosa lilipitia, ikitaja jina la bidhaa, kipimo kilichokosewa na kipimo cha kweli kwa bomba moja. Karatasi mpya itakapokuja iwe ya rangi tofauti, na anayeigawa aichukue ya zamani mkononi mwa mtu kabla ya kumpa hii.